Mtikisiko Ulio Halali

Injini iliyofanyiwa ovaholi vibaya na ile iliyofanyiwa vizuri hufanana siku ya kwanza. Zote mbili zimeoshwa zikang'aa, zimepakwa rangi ya fedha, gasketi mpya zinachungulia pembeni, na zote mbili zinawaka. Mwenye gari husikia muungurumo, hufurahi, humalizia pesa iliyobaki na kuondoka. Tofauti huja kujulikana miezi kadhaa baadaye, mara nyingi mbali na gereji, pengine usiku, pengine na abiria ndani. Kwa sababu hiyo naiona kazi ya kufufua injini kuwa na uzito wa kimaadili ambao watu wengi hawaufikirii. Mteja hana macho ya kuona alichokinunua. Na fundi asiyepima hana macho ya kuona alichokiuza.

Wengi walioijua kazi hii katika miji yetu hawakuijulia darasani. Waliijulia katika eneo la Gerezani jijini Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kule Nairobi, ambako wazee bado wanakuita Grogan, au kwenye uwanja wowote wenye mwembe, winchi ya kunyanyulia injini na pipa la oili chafu. Kijana hufika, hukabidhiwa brashi na karai la dizeli, huambiwa aoshe vyuma. Huosha wiki baada ya wiki. Wengine hudhani wananyanyaswa, na kweli wapo wanaonyanyaswa, lakini chini ya fundi anayejua kufundisha, karai lile ni darasa la kwanza la kusoma. Beringi ya konrodi iliyolika upande mmoja tu inasema kwamba konrodi imepinda. Beringi yenye mikwaruzo inayozunguka inasema kwamba uchafu uliingia kwenye oili. Ile iliyofikia kuonyesha rangi ya shaba chini ya madini yake ya juu inasema kwamba oili ilichelewa kubadilishwa au ilipungua, na kwamba kranki ilikuwa imebakiza muda mfupi. Ukizitupa zote ndoo moja bila kuandika ipi imetoka silinda ipi, umeupoteza ushahidi wote, na hakuna kifaa duniani kitakachokurudishia.

Nakumbuka mwanagenzi mwenzangu alivyoulizwa na fundi wetu kuhusu bloki iliyokuwa imerudi kutoka kuchongwa.

"Umeipima?"

"Nimeiangalia, mzee. Iko safi."

"Sikukuuliza imekaaje machoni. Lete geji."

Silinda haichakai kwa usawa. Pistoni inaposukumwa chini na moto, konrodi iko mshazari, hivyo pistoni huegemea ukuta mmoja zaidi ya mwingine. Baada ya miaka, tundu lililokuwa duara kamili hupoteza uduara wake, na sehemu ya juu, pale ringi ya kwanza inapogeuzia safari, hulika kuliko chini. Kwa hiyo kila silinda hupimwa juu, katikati na chini, na kila mahali hupimwa mara mbili, kwa urefu wa injini na kwa upana wake. Anayepima sehemu moja hajapima. Anayevalisha ringi mpya ndani ya silinda iliyopoteza uduara ametengeneza moshi, kwa kuwa ringi ni duara na haiwezi kuufuata ukuta usio duara.

Chukua injini ambayo Afrika Mashariki yote inaijua, Toyota 5L, dizeli ya silinda 4 iliyosukuma Hiace na Hilux nyingi kwenye barabara zetu. Kipenyo cha silinda yake ni milimita 99.5, na safari ya pistoni kutoka juu hadi chini ni milimita 96. Nafasi kati ya beringi na jino la kranki kwenye injini za aina hii huwa ya sehemu za mia za milimita: tuseme 0.05, chini ya unene wa unywele wa binadamu. Ndani ya nafasi hiyo hukaa utando wa oili, na utando huo ndio unaobeba kila pigo la moto. Injini ikiwa inazunguka na oili yake ni nzima, chuma hakigusi chuma. Nafasi ikiwa finyu mno, oili haiingii vya kutosha na beringi hukwama. Ikiwa pana mno, oili hutoroka, presha hushuka, na utaanza kusikia ile ngo-ngo-ngo ambayo kila dereva wa daladala anaiogopa. Ringi nazo zina nafasi yake, pale ncha mbili zinapokaribia kukutana. Kwa silinda ya upana huo ni karibu milimita 0.4. Ukiiacha ndogo kwa kudhani kwamba kubana zaidi ndiko kuzuri, injini itapata joto, ringi itatanuka, ncha zitakutana, na kisichokuwa na pa kwenda kitavunjika na kuikwaruza silinda uliyotoka kulipia.

Lakini vipimo hivi, pamoja na ugumu wake, ni nusu nyepesi. Vipo kwenye vitabu vya watengenezaji, na mtu mwenye maikromita, geji na subira atavifikia. Nusu nzito ni mizani.

Katika 5L ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila pistoni husimama kabisa na kugeuza safari mara 100 kwa sekunde. Juu inasimama, chini inasimama, na kati ya vituo hivyo viwili inakimbia kwa wastani wa mita 9.6 kwa sekunde. Weka gramu 10 za ziada kwenye konrodi moja, upande ule unaoshika kranki. Mkononi hutazihisi. Kwa kasi hiyo ya mizunguko 3,000, gramu hizo zinavuta kranki kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 5, na uelekeo wa mvuto huo unazunguka mara 50 kwa sekunde. Ongeza kasi mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Ndiyo maana mtu aliyebadilisha pistoni moja iliyopasuka kwa pistoni ya injini nyingine, yenye kipenyo kilekile lakini ya mtengenezaji tofauti, hushangaa gari likianza kutetemeka kwenye mwendo ambao zamani lilikuwa limetulia.

Dawa yake inahitaji mizani ndogo ya kidijiti na moyo usio na haraka. Unapima pistoni zote pamoja na pini zake. Unatafuta iliyo nyepesi kuliko zote, maana chuma kinaweza kupunguzwa na hakiwezi kuongezwa, kisha unazishusha nyingine ziifikie, kwa kutoa kidogo mahali ambapo mtengenezaji ameacha nyama kwa ajili hiyo. Konrodi ni kazi zaidi, kwa sababu ncha zake mbili hufanya kazi mbili tofauti: kubwa inazunguka na kranki, ndogo inapanda na kushuka na pistoni. Hupimi uzito wote kwa mkupuo mmoja. Unaining'iniza ncha moja, unaiweka nyingine juu ya mizani, ikiwa imelala sawasawa, kisha unageuza. Konrodi mbili zinaweza kuwa na uzito sawa kabisa kwa jumla huku moja ikiwa nzito kichwani na nyingine nzito mguuni. Mizani itasema ziko sawa na injini itasema haziko. Na usije ukasaga ule mwili mwembamba wa katikati. Huo ndio unaobeba mzigo, na mkwaruzo mmoja wa jiwe la kusagia hapo unatosha kuwa mwanzo wa ufa.

Kwa kranki yenyewe, hata mizani haitoshi. Ukiilaza juu ya kingo mbili laini na ikatulia kila unapoiacha, unaweza kudhani iko sawa. Lakini huenda ina uzito uliozidi upande wa juu mbele na mwingine uliozidi upande wa chini nyuma. Ikiwa imelala, mizito hiyo miwili inafutana. Ikizungushwa, mmoja unavuta huku na mwingine kule, na kranki inataka kujipinda kutoka mwisho hadi mwisho. Kosa la namna hii halionekani mpaka kitu kizungushwe, na mashine ya kulionyesha hushika kranki ncha zote mbili, huizungusha, na husema ni gramu ngapi zitobolewe na wapi. Mashine hizo kwetu ni chache. Gereji nyingi hurudisha kranki iliyochongwa bila kuipitisha popote, zikitegemea kwamba kiwanda kiliisawazisha zamani. Mara nyingi tegemeo hilo hushika. Halishiki pale flaiwili imebadilishwa, kranki imechomelewa, au puli ya mbele imeguswa.

Hiyo puli ya mbele inahitaji kutetewa. Katika injini nyingi siyo chuma kitupu. Ina pete nzito ya nje iliyoshikwa kwa mpira, na mpira huo una kazi. Kila silinda inapowaka, kranki hujisokota kidogo na kujirudisha, na zipo kasi ambazo msokoto huo hujilisha wenyewe ukakua. Pete na mpira huula. Mpira ukizeeka pete huanza kuteleza, na hapo nimeona kwa macho yangu puli zilizochomelewa duara zima ili "zisilegee". Gari linaendelea kutembea, belti haitoki, kila mtu anaridhika. Kranki imenyang'anywa kinga yake, na ikija kukatika baada ya mwaka hakuna atakayeikumbuka puli.

Tuseme yote yamefanyika. Pistoni ziko sawa, konrodi ziko sawa kwa ncha zote mbili, kranki imezungushwa na kutobolewa, puli ni mpya. Injini ya silinda 4 bado itatikisika. Jambo hili lilinichukua muda mrefu kulikubali, na sasa naona ndilo lenye mafunzo kuliko mengine yote.

Pistoni mbili zinapopanda, mbili zinashuka, na mtu angetarajia zifutane kabisa. Hazifutani, kwa sababu ya ule mshazari wa konrodi. Kranki ikizunguka robo ya kwanza kutoka juu, pistoni inakuwa imeshapita nusu ya safari yake; robo ya pili inamalizia kipande kifupi. Kwa hiyo pistoni zilizo juu huongeza na kupunguza mwendo kwa ukali kuliko zilizo chini, na kila mzunguko mmoja wa kranki hubaki misukumo miwili ya juu na chini ambayo haina wa kuijibu. Haihusiani na ufundi wa mtu yeyote. Imo ndani ya umbo.

Mwingereza Frederick Lanchester, aliyeishi kati ya 1868 na 1946, alilijibu swali hili kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Aliweka shafti mbili zenye uzito wa upande mmoja, moja ikizunguka kinyume cha nyingine kwa kasi mara mbili ya kranki, ili zitikisike kwa makusudi wakati uleule na upande wa pili. Mtikisiko unatibiwa kwa mtikisiko. Wajapani wa Mitsubishi waliliendeleza wazo hilo kwenye magari ya kawaida katika miaka ya 1970, na Porsche ikawalipa leseni kwa ajili ya 944 yake. Njia nyingine ni kubadilisha umbo lenyewe. Silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja hufutana zote, misukumo ya kwanza na ya pili, bila shafti ya ziada. Ndiyo sababu 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 ya Land Cruiser mkonga, hutulia namna ile hata ikiwa imezeeka, na ukiweka mkono juu ya hedi yake inakuwa vigumu kuamini kwamba ndani kuna vyuma vinavyogeuza safari kwa nguvu kiasi hicho.

Kutokana na hayo, fundi wa injini ana wajibu wa kujua mtikisiko upi ni halali na upi ni wa uzembe, na wajibu huo ni mgumu kuliko kufungua na kufunga. Akiwa hajui, atakosea kwa moja ya njia mbili. Atahangaika na mtikisiko wa asili, abadilishe maunti, nozeli, pampu, alipishe kila hatua, na gari libaki vilevile. Au atajikinga nyuma ya asili, kila anapoulizwa ajibu "hizi ndivyo zilivyo", huku konrodi moja ikiwa nzito kwa gramu 20. Jibu hilo la pili ndilo linaloniudhi zaidi, maana linatumia ukweli kuficha uvivu. Silinda 4 zinatikisika, ni kweli. Lakini zinatikisika kwa kiasi fulani, kwa mpigo wa mara mbili kwa mzunguko, sawasawa. Mtikisiko unaokuja mara moja kwa mzunguko ni habari nyingine, na unaokuja mara moja kila mizunguko miwili ni habari ya tatu: hapo kuna silinda moja isiyochangia. Mkono uliofundishwa vizuri hutofautisha vitu hivi juu ya kifuniko cha valvu. Mkono huo haupatikani kwa kusoma tu, na haupatikani bila kusoma.

Baada ya kuunga huja kuhoji. Napenda sana jinsi majaribio ya injini yalivyo maswali yaliyopangwa ili jibu litokee mlango unaojulikana. Unaileta pistoni juu kabisa, valvu zote mbili zimefunga, unaingiza hewa ya kompresa ndani ya silinda, kisha unasikiliza inatorokea wapi. Ikisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi. Ikisikika kwenye ekzosi, ni valvu ya kutolea moshi. Ikisikika kwenye njia ya kuvutia hewa, ni valvu ya kuingizia. Rediata ikitoa mapovu, ni gasketi ya hedi, au hedi yenyewe ina ufa. Dakika chache kwa kila silinda, na ubishi wa siku nzima umeisha. Kadhalika kabla ya kuiwasha mara ya kwanza: unakata mafuta, unaizungusha kwa starta mpaka taa ya oili izime, ili beringi zile ulizozipima zisianze maisha yake zikiwa kavu.

Injini iliyowaka ikasimama inanguruma haijajibu bado. Ikiwa haina mzigo inalipia msuguano wake tu. Mhandisi Mfaransa Gaspard de Prony alilielewa hilo mwaka 1821, alipobana shafti inayozunguka kwa vipande vya mbao vyenye mkono mrefu na kupima ni uzito kiasi gani unahitajika kuuzuia mkono usizunguke. Kutokana na uzito, urefu wa mkono na kasi, akapata nguvu halisi ya mashine. Mwingereza William Froude akatumia maji badala ya mbao mwaka 1877, na vipima nguvu vya leo ni wajukuu wa vyombo hivyo viwili. Kwenye gereji zetu nyingi hakuna hata mmoja wao.

Badala yake kuna mlima wa Kitonga. Fundi wa Dar es Salaam anayetengeneza lori la Mbeya anajua kwamba kazi yake itahojiwa huko, kwenye ule mpando wa kabla ya Iringa, kona juu ya kona, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Hapo joto la maji, presha ya oili, moshi na nguvu husemwa bila upendeleo. Tena mlima huo una faida ambayo madereva wengi hawajaambiwa. Ringi mpya hukaa mahali pake kwa kusukumwa na gesi ya mwako iliyo nyuma yake, na gesi hiyo huwa na nguvu pale injini inapobeba mzigo wa wastani, ukiupandisha na kuuachia. Injini mpya inayobembelezwa, iliyoachwa ingurume saa nzima bila kazi, huuvisha ukuta wa silinda utando mgumu unaoteleza, mistari ya kunyolewa kwa mawe hufukiwa, na ringi hazikai tena. Itakula oili maisha yake yote kwa kosa la huruma. Haimaanishi ipelekwe Kitonga ikiwa imejaza tani zote siku ya kwanza. Ianze na vilima vya karibu, mzigo wa nusu, gia inayofaa, kisha oili na filta vibadilishwe mapema, maana vumbi la chuma la siku hizo za mwanzo halina budi kutoka.

Lakini Kitonga si kipimo cha haki kwa dereva. Anayeingia pale ni yeye, na injini ikishindwa kwenye kona, anayelipa ni yeye na waliomo nyuma yake. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, huwapima mafundi waliojifunza mitaani na kuwapa vyeti kwa ujuzi walionao, na ni jambo la haki lililochelewa. Ningetamani hatua inayofuata iwe ya vyombo. Mashine moja ya kusawazisha kranki na kipima nguvu kimoja, vimewekwa pamoja mahali ambapo gereji 50 zinaweza kuvifikia kwa ada, vingeokoa kranki nyingi kuliko hotuba yoyote kuhusu spea feki.

Huku tukisubiri, lipo ambalo halihitaji mashine. Kila injini iliyofufuliwa iondoke gereji na karatasi: kipenyo cha kila silinda kwa sehemu zote zilizopimwa, nafasi ya kila beringi, uzito wa kila pistoni na kila ncha ya konrodi, mgandamizo wa kila silinda, na kilomita ya kubadilisha oili ya kwanza. Wateja watanung'unika kulipia kupima, kwa kuwa kupima hakuongezi kitu kinachoshikika. Waambiwe hivyohivyo, kwamba wanalipia kujua. Na kama ni injini ya silinda 4 isiyo na shafti za Lanchester, fundi aandike chini ya vipimo vyote kwamba itatikisika kidogo ikisimama bila mzigo, kwamba mtikisiko huo ni wa mpigo wa mara mbili kwa mzunguko, na kwamba mtu yeyote atakayedai kuifungua ili auondoe aombwe kwanza alete mizani yake.